Mtu mzima kurudi darasani: Ghuba ya Chole inatukumbusha nini?

Ndugu msomaji, kila ufikapo msimu wa udahili vyuoni hayakosi kusikika maneno haya mitaani: "Mtu mzima na masomo wapi na wapi?" Huambiwa mama wa miaka 45 aliyetamka kwamba anataka kurejea darasani, huambiwa baba mwenye wajukuu, na mara nyingi wanaosema ni jamaa zao wa karibu. Sisi tunaona kwamba mwenye kusema hivyo ameisahau historia ya nchi yake. Basi tunamwomba msomaji afuatane nasi hadi Mafia, katika Ghuba ya Chole, tukumbushane jambo moja.

Ghuba hiyo ipo upande wa kusini-mashariki wa kisiwa kikuu. Utende ipo ufukweni mwa kisiwa kikuu, na mkabala nayo vipo visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Watu wake ni wavuvi, waundaji wa majahazi, wakulima wa mwani na wasukaji wa ukili. Ukiwatazama leo hutadhani kwamba wilaya yao iliwahi kuwa mstari wa mbele katika vita vya nchi nzima.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada yake zikateuliwa wilaya sita zitakazotangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971, na Mafia ikawa mojawapo. Hayo ndiyo madarasa yaliyoitwa ngumbaru. Watu waliozoea kushika nyavu na majembe walishika kalamu. Waliowafundisha walikuwa walimu wa shule za msingi pamoja na wananchi wa kawaida waliokwisha kujua kusoma. Kampeni ilipoenea nchi nzima, wasiojua kusoma, ambao mwishoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa watu wazima wawili kati ya kila watatu, walipungua hadi takriban asilimia 10 mwaka 1986.

Tuzingatie hapa. Watu wazima wa wakati ule walikuwa na watoto wa kulisha, walikuwa na maradhi, na umasikini wao haukuwa mdogo kuliko wa leo. Lililowawezesha ni kwamba darasa liliwafuata kijijini, halikuwadai ada, na hakuna aliyewaambia kwamba umri wao umepita.

Je, leo hali ikoje? Kwa upande wa sheria, milango ipo wazi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia. Na Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Hayo yote ni ya kushukuriwa.

Lakini tumchukulie mama mmoja wa Jibondo, wa kufikiriwa tu, aliyeachishwa shule kwa ujauzito katika miaka ya 1990. Ruhusa ya 2021 imemkuta ana miaka zaidi ya 40. Tuseme amejikakamua, amefaulu mitihani yake, na sasa anataka shahada. Kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria kipo Kibaha. Atapanda mashua hadi Utende, gari hadi Kilindoni, chombo cha baharini hadi Nyamisati wilayani Kibiti, kisha magari tena hadi Kibaha. Safari hiyo itamla nauli na siku za kazi, na mwani wake utabaki baharini bila mwangalizi. Karo bado haijatajwa.

Ataambiwa aombe mkopo. Hapo ndipo atakapokutana na ukuta. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya miaka ya karibuni, ukiwamo wa mwaka wa masomo 2023/2024, imeweka sharti kwamba mwombaji asizidi umri wa miaka 35. Tunaelewa hoja ya Bodi: fedha ni chache, vijana ni wengi, na mkopo sharti urejeshwe. Hata hivyo tufanye hesabu. Anayeanza shahada ya miaka mitatu akiwa na miaka 42 atahitimu akiwa na 45. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60. Amebakiwa na miaka 15 ya kukatwa mshahara wake kila mwezi. Je, miaka 15 haitoshi kulipa deni? Kwa maoni yetu, kingepimwa uwezo wa kulipa kabla ya kutazamwa tarehe ya kuzaliwa.

Kizuizi cha pili ni afya. Mwanafunzi wa miaka 20 huumwa akapona. Wa miaka 45 huenda darasani na shinikizo la damu au kisukari ambacho hakitamwacha. Mafia inalijua hili kwa namna yake, kwani ugawaji wa dawa za kutokomeza matende na mabusha nchini ulianzia huko mwaka 2000. Maradhi kama hayo huumiza mwili, na juu ya maumivu humfanya mtu aone haya kukaa mbele za watu. Anayebuni masomo ya watu wazima bila kuyafikiria haya amembuni mwanafunzi asiyekuwapo.

Tuvuke mpaka kidogo tupate ushahidi. Mzee Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84. Alitaka kukisoma kitabu cha dini yake kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alikwenda New York kutetea elimu ya msingi bila ada. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimfukuza nyumbani, saratani ikamshika, naye akaendelea na masomo. Alifariki Agosti 2009. Wengi humsifu kwa ushujaa, na anastahili. Lakini tujiulize: kwa nini hakwenda shule mapema zaidi? Jibu ni kwamba serikali ya Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, naye akajitokeza mwaka uliofuata. Ushujaa alikuwa nao siku zote. Kilichokosekana ni mlango.

Na sisi Waislamu wa pwani, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, tusiwe wa kwanza kuwacheka watu wazima. Miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa madhehebu hayo yumo al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Jina lake maana yake ni mtengeneza makufuli, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka alipofika takriban miaka 30, ndipo akaiacha akaingia katika fiqhi. Lau watu wa Marw wangelimwambia wakati wake umepita, tungelikosa elimu yake.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Bodi ya Mikopo itenge fungu, hata likiwa dogo, kwa waliovuka miaka 35 wenye uwezo wa kurejesha kabla ya kustaafu. Pili, mafunzo na mitihani ya watu wazima isogezwe Kilindoni na, inapowezekana, visiwani, kama ngumbaru ilivyowafuata wazee wetu. Tatu, kamati za misikiti na vikundi vya kuweka na kukopa vimchangie nauli na dawa mwanafunzi mtu mzima kama tunavyochangia harusi.

Haya hayahitaji miujiza. Mafia imekwisha kuwakalisha wazee wake darasani mara moja. Tukishindwa leo, tusiseme ni kwa sababu ya umri wao.

Wabillahi tawfiq.