Pesa za Dirishani Huenda Wapi?

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunaomba tuache kidogo habari za uji wa mtoto na chanjo, tuzungumze juu ya pesa. Si pesa za jikoni, bali zile unazolipa dirishani katika hospitali ya kaunti, ukapewa risiti, ukaifunga kwenye pindo la leso na kwenda zako.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 tulikuwa zamu katika wodi ya wazazi. Akaja mama mmoja, mimba ya tatu, uchungu umemshika kweli kweli. Kujifungua katika hospitali za serikali hapa Kenya kulikuwa bure tangu Juni 2013, naye alijua hivyo. Alikuja na leso mbili na nauli tu. Nasi hatukuwa na glavu hata jozi moja. Ilibidi tumtume mumewe akatafute duka la dawa lililo wazi saa nane za usiku. Mtoto hakumngoja baba. Tulimpokea kwa mikono tuliyoifunga mifuko ya nailoni. Wote walitoka salama, lakini yule mama alitutazama akasema, "Kumbe ni kweli mnauza glavu zetu." (Hatusemi hakuna muuguzi mwizi. Wapo. Usiku ule hatukuwa na cha kuiba.)

Asubuhi dirisha la malipo likafunguliwa, foleni ikaanza kulipa kama kawaida. Basi pesa zilikuwa zinakwenda wapi?

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti 47 kazi ya kuendesha hospitali hizi, na Ibara ya 207 inataka mapato yote ya kaunti yaingie katika mfuko mmoja, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria. Katika kaunti yetu, shilingi ya mgonjwa iliondoka hospitalini, ikachanganyika na ushuru wa soko na ada ya kuegesha magari. Ili irudi kama glavu ilihitaji barua, sahihi na miezi ya kungoja.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya fedha za kuboresha vituo vya afya. Sasa kinachokusanywa hospitalini hubaki hospitalini, tena ni nyongeza juu ya bajeti ya kaunti, si badala yake. Tulifurahi. Lakini dada, zamani pesa ilipotelea mbali. Sasa yaweza kupotelea hapa hapa mlangoni petu. Hata sadaka kanisani haihesabiwi na mtu mmoja.

Wa kuihesabu hii wapo: wasimamizi wa hospitali, bunge la kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye Katiba inamtaka atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Ripoti hizo hutangazwa. Shida ni kwamba zinakuja baada ya mama kujifungua.

Kwa hiyo nasi tuulize mapema. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba habari kutoka ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kudaiwa sababu. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumwandikia. Jibu ni ndani ya siku 21. Likihusu uhai wa mtu, saa 48.

Barua iwe fupi, ya akina mama wawili watatu, kwa msimamizi mkuu wa hospitali. Ulizeni: miezi mitatu iliyopita mlikusanya kiasi gani? Kilichobaki hapa ni kiasi gani? Wodi ya wazazi ilinunuliwa katoni ngapi za glavu? Msiongeze malalamiko mengine, yatawapa nafasi ya kujibu hayo na kuyaruka haya. Pelekeni nakala mbili, na yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa maana zile siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.