Waraka kwa Wanachama: Kabla Hatujawahukumu Wapuritani

Ndugu wanachama wenzangu,

Mada ya kikao kijacho mnaijua: dini na sheria katika koloni la Wapuritani la Massachusetts, karne ya 17. Naandika mapema kwa sababu nasikia baadhi yetu tayari wana hukumu mkononi, kwamba kule wachungaji walitawala na wakanyonga watu, basi. Nawasihi tuiweke hukumu hiyo kando mpaka tumesoma sheria zenyewe.

Wachungaji hawakutawala. Mchungaji hakushika cheo cha serikali, na ndoa ilifungwa na hakimu, si kanisani. Kilichoifunga dini na sheria pamoja ni kura. Mwaka 1631, mwaka mmoja tu baada ya gavana John Winthrop na wenzake kushuka melini, iliamuliwa kwamba asiye mshirika wa kanisa hatahesabiwa miongoni mwa wapiga kura. Na ushirika haukupatikana kwa kuhudhuria ibada tu. Baada ya miaka michache ulitakiwa usimame ueleze jinsi neema ilivyokugusa, wenzako wakupime. Kwa hiyo mtunga sheria, hakimu na aliyewachagua walikuwa watu wa imani moja, na aliyeisoma Biblia kwa namna nyingine hakuwa na mtu wa kumsemea barazani.

Sasa twende kwenye mkusanyo wa sheria wa 1641, kazi ya Nathaniel Ward, mchungaji aliyewahi kuwa mwanasheria Uingereza. Hapa naomba tukae sana. Ibara ya 94 inataja makosa ya kifo, na karibu kila kosa limeandikiwa aya yake ya Biblia: kuabudu miungu mingine, uchawi, kufuru, uzinzi. Aya hizo hazikuwa pambo. Mwaka 1644 Mary Latham na James Britton waliuawa kwa hukumu ya uzinzi. Lakini mkusanyo huohuo unamkataza mume kumpiga mkewe, unakataza ukatili kwa mifugo, unaweka ukomo wa viboko 40 kama ilivyo katika Kumbukumbu la Torati, na unadai mashahidi wawili au watatu, au ushahidi wenye uzito huohuo, kabla mtu hajauawa. Someni pia ibara ya 91, inayoruhusu utumwa wa mateka wa vita na wageni waliouzwa. Nayo inataja sheria ya Mungu katika Israeli! Msiiruke kwa haraka ya kufika kwenye kesi za uchawi za Salem.

Mpinzani mkali wa mfumo huo hakuwa mtu asiye na dini. Roger Williams, mchungaji na Mpuritani wa kweli, alisema hakimu hana mamlaka juu ya amri nne za kwanza, zile zinazohusu mtu na Mungu wake. Mwaka 1635 akahukumiwa kufukuzwa, na mwaka uliofuata akaanzisha Providence. Anne Hutchinson, kwa mafundisho yake ya dini, alifuata njia hiyohiyo ya uhamisho. Mary Dyer, wa Jumuiya ya Marafiki, alifukuzwa akarudi, akanyongwa Boston Juni 1660. Hawa ndio Marafiki ambao kanisa lao lilikita mizizi Kenya baada ya misheni ya Kaimosi ya 1902, kwa hiyo wapo jirani zetu wanaomhesabu Dyer kuwa wao.

Kuhusu Salem, mwaka 1692, nina dai moja nitakalolitetea kikaoni. Watu 19 walinyongwa, na Giles Corey akafa akigandamizwa kwa mawe kwa kukataa kujibu shitaka. Mahakama ilipokea ushahidi wa vivuli: shahidi anasema kivuli cha mshitakiwa kinamtesa, na hakuna mwingine anayekiona. Dai langu ni hili: aya ya kitabu cha Kutoka kuhusu mchawi ilishikwa kwa nguvu, huku tahadhari ya mashahidi, iliyotoka katika Biblia hiyohiyo, ikilegezwa. Aliyeandika kupinga ushahidi huo kabla mwaka haujaisha ni mchungaji, Increase Mather. Na mwaka 1697 Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu, alisimama kanisani Boston wakati mchungaji akisoma ungamo lake mbele ya watu.

Basi kila mmoja aje na ibara moja aliyoisoma mwenyewe, si aliyosimuliwa. Atakayeongoza sehemu ya Salem aanze na kanuni ya mashahidi, wasichana waliotoa ushahidi wa vivuli kwa mayowe wafuate baadaye.

Wenu,
Katibu