Mavuno Yakiuzwa, Wapeleke Watoto Mikumi

Ndugu mkulima, sisi tunaoishi jirani na Mikumi, watoto wetu wanamjua tembo kama mwizi wa mahindi usiku. Hawajamwona mchana akinyonyesha ndama wake. Utasema kutembelea hifadhi ni starehe ya wazungu. Mimi nakataa. Mtanzania analipa kiingilio nafuu kuliko mgeni. Changeni familia kadhaa, mkodi kosta moja. Nendeni kiangazi, Julai hadi Septemba, mavuno yakiwa yameuzwa. Wanyama hukusanyika kwenye maji, wanaonekana kirahisi. Bebeni chakula na maji, msiwalishe nyani, msishuke garini ovyo. Tena muulizeni askari wa hifadhi jinsi mizinga ya nyuki na pilipili inavyomzuia tembo. Jibu hilo mtarudi nalo shambani.