Je, Ni Aibu Karani Kupiga Besi Katika Baa?

Nataka kumjibu ndugu mwanachama aliyeandika katika toleo lililopita la gazeti letu ya kwamba mtumishi wa Serikali aonekanaye usiku katika baa ameshika gitaa ameivunjia heshima kalamu yake, na ya kuwa Kamati yetu yapaswa kuwaonya watu wa namna hiyo. Hakutaja jina la mtu. Walakini katika mji huu wa Morogoro makarani wapigao gitaa la besi katika bendi ya baa si wengi, nami najijua. Najibu kwa adabu, maana ndugu huyo ni mkubwa wangu kwa umri na kwa cheo, tena baadhi ya aliyoyasema ni kweli, kama nitakavyoonyesha.

Kwanza yafaa wanachama waelewe kazi yenyewe ni nini, kwa kuwa naona wengi hutoa hukumu juu ya kitu wasichokijua. Besi ni gitaa la nyuzi nne nene. Uzi wake mzito kabisa hutikisika mara 41 hivi katika sekunde moja, na sauti yake mtu huisikia kifuani kama aisikiavyo masikioni. Zamani kazi hiyo ilifanywa na fidla kubwa ya kusimama, iliyo ndefu kupita kimo cha mtu, ambayo kuisafirisha ni taabu na kuisikia kati ya tarumbeta ni taabu zaidi. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa California huko Marekani, alianza kuuza besi ya umeme ya kuvaliwa begani kwa mkanda, tena shingoni mwake mna vipande vya chuma vinavyogawa sauti, hata kidole cha mpigaji kisipotee. Ndiyo sababu aliiita Precision. Besi yangu si ya Fender. Niliinunua imekwisha tumika, na kitasa kimoja cha kukazia uzi nimekifunga kwa waya. Lakini kanuni ni ile ile.

Mimi sauti ya besi sikuijua katika baa. Niliijua katika shule ya sekondari ya misheni, ambako Padre alinipanga katika kwaya kuimba sauti ya nne, kwa kuwa sauti yangu ilivunjika mapema kuliko za wenzangu. Huko niliwekwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, nikajifunza jambo ambalo limenifaa hata leo: wa sauti ya nne akikosea, kwaya nzima huyumba, wala watu hawajui kwa nini; asipokosea, hakuna amkumbukaye. Hakuna mtu aliyeniambia wakati ule ya kwamba naharibu heshima yangu.

Nilipoingia katika bendi yetu hii ya watu sita, nilipiga besi kama nilivyoimba zaburi, yaani pigo juu ya pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kuacha. Watu wakakaa vitini. Mpiga drams wetu, mzee ambaye amepiga muziki tangu kabla sijazaliwa, alinivumilia majuma mawili, kisha akaniambia, "Mwanangu, unawajazia watu sakafu. Waachie mahali pa kuweka mguu." Maneno hayo yalinichukua muda kuyaelewa. Dansi yetu imekunywa sana kutoka katika muziki wa Cuba, uliokuja kwa sahani za santuri za GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933; na katika muziki ule besi mara nyingi haikanyagi pigo la kwanza. Huingia kabla yake kidogo, kisha hunyamaza pale mtu anapoitazamia. Katika upenyo ule mchezaji huuweka mguu wake mwenyewe. Basi kazi yangu nusu yake ni kupiga, na nusu ni kujizuia kupiga, nikimsikiliza mzee wa drams na wa tumba, na kumwacha wa solo aende atakako huku nikimshikia njia ya kurudi. Wimbo unapoingia katika chemko na watu wamesimama wote, vidole vyaweza kuwaka moto na mimi sina ruhusa ya kuongeza mwendo hata kidogo. Ndugu anayedhani ya kuwa hiyo ni kazi ya wavivu, na ajaribu kwa saa tano, tangu saa mbili usiku hata saa saba, akiwa amebeba begani kitu cha uzito wa kilo nne.

Sasa nije kwenye neno la heshima. Ndugu yetu asema muziki wa dansi ni wa watu wasio na kazi. Naomba atazame nyuma. Kabla ya dansi kulikuwa na ngoma ya beni, yenye Marini na Arinoti, na makarani walikuwamo. Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika nchi hii kiliundwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1932, Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imekwisha anza. Mji huu wetu ulipata Morogoro Jazz mwaka 1944, na baadaye Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, alitoka katika hiyo hiyo Morogoro Jazz. Nani katika wanachama wetu, hata mkali wa namna gani, aonaye haya kusema ya kuwa mji wake ndio mji wa Mbaraka?

Tena baada ya Uhuru mambo yakawa wazi zaidi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, na wapigaji wakawa watu wa mshahara wa mwezi kama mimi na wewe. Polisi wakawa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa likawa na bendi, Magereza vivyo hivyo. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa na Bima Lee. Miaka ile mpiga besi aliweza kuwa mwajiriwa wa shirika la umma kwa sababu ya besi yake. Mashirika mengi yalipofungwa au kuuzwa katika miaka ya 1990, vyombo vikabaki bila mwenyewe, na muziki ukaangukia mikononi mwa wenye baa. Hatukwenda baa kwa kupenda kilevi. Ndiko jukwaa lilikobaki.

Juu ya kilevi, mimi sinywi, na wawili katika bendi yetu hawanywi. Wanaokunywa hunywa. Sitaki kumtetea mtu aliyeanguka juu ya spika. Ila kilevi kimetupata kwa njia nyingine ambayo ndugu yetu hakuitaja, nayo ndiyo iliyonichukiza kuliko yote. Mwaka jana mwenye baa mmoja alituahidi kwa mdomo shilingi 30,000 kwa kila mtu kwa usiku mmoja. Tukapiga hata saa nane. Alfajiri akatuletea kreti mbili za bia, akasema kiingilio hakikutosha. Nilirudi nyumbani nikiwa na besi begani na chupa nne mkononi. Mama watoto akazitazama zile chupa, akaniuliza kama mtoto atalipiwa daftari kwa bia. Sikuwa na jibu. Hatukuwa na karatasi yenye sahihi, na katika bendi ile karani ni mimi! Mtu ambaye mchana kutwa huwaambia wananchi, "Lete barua, neno la mdomo halifai katika masjala," usiku alikubali neno la mdomo.

Lakini nilisema ya kwamba baadhi ya maneno ya ndugu yetu ni kweli, nami sipendi kulificha. Juma moja tulipiga katika harusi Jumapili usiku, nikafika kazini Jumatatu nimelala saa mbili. Siku ile lilikuja mezani pangu jalada la mzee mmoja aliyestaafu, lenye madai ya kiinua mgongo chake. Nililiweka katika rafu ya majalada yaliyofungwa. Mzee yule alikuja mara tatu kutoka kijijini kwake, na kila mara nilimwambia kwa adabu kubwa ya kuwa jalada lake halijafika. Siku ya tisa nikalikuta, na mwandiko juu yake ni wangu. Nilikwenda kwa mkuu wangu nikaungama, nikamrudishia mzee nauli zake tatu. Alizipokea, akanishukuru, na shukrani ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. Tangu siku hiyo sipigi Jumapili, wala usiku wowote ambao kesho yake ni siku ya kazi. Wenzangu katika bendi walinung'unika, maana harusi za Jumapili hulipa vizuri. Wakatafuta kijana mwingine wa kushika nafasi yangu siku hizo.

Kwa hiyo sibishani na asemaye ya kwamba mtumishi lazima afike kazini na macho yake yote. Ninabishana na asemaye ya kuwa kosa ni gitaa. Wako wenzetu wanaokesha wakitazama mpira wa Ulaya hata usiku wa manane, na asubuhi wanasinzia juu ya kibao cha kompyuta, wala sijasoma barua juu yao katika gazeti hili. Pengine ni kwa sababu waandikao barua nao hutazama mpira.

Liko jambo jingine ambalo napenda wanachama wapigaji walijue, ijapokuwa liko kando kidogo na mabishano yetu. Masikio hayana akiba. Wataalamu wa afya kazini hupima kelele kwa desibeli, na husema ya kwamba kelele ya desibeli 85 mtu aweza kuivumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda ule hupungua nusu. Ukihesabu utaona ya kuwa kwa desibeli 100, ambazo si ajabu mbele ya spika za baa, muda wenyewe ni dakika 15 tu. Mzee wetu wa drams sasa husikiliza kwa kutazama midomo. Mimi huziba masikio kwa vizibo vya sponji, na vijana wakanicheka, lakini karani asiyesikia aitwapo dirishani ni karani wa namna gani?

Tena kwa habari ya kutojulikana, ambalo huwasumbua vijana wapigao besi, nawakumbusha James Jamerson wa Detroit. Mchana alipiga besi katika studio ya Motown, kwa kidole kimoja cha mkono wa kuume, na usiku akapiga katika vilabu vya mji. Nyimbo alizozishikilia chini zilizunguka dunia, na watu hawakujua jina lake, kwa kuwa kampuni haikuwa na desturi ya kuandika majina ya wapigaji juu ya majalada. La kwake lilianza kuonekana mwaka 1971, katika sahani ya Marvin Gaye. Alifariki mwaka 1983, mwenye miaka 47. Sisi wa masjala tunaijua kazi isiyo na jina. Barua nzuri hutoka ikiwa na sahihi ya mkuu.

Basi Kamati ikitaka kutoa neno, naomba itoe neno lenye kazi ndani yake. Mwanachama apigaye katika bendi amjulishe mkuu wake kwa barua, asipige usiku wa kuamkia kazi, asivae sare wala beji ya ofisi jukwaani. Chama nacho kitutengenezee karatasi moja ya mapatano, yenye saa za kupiga, kiasi cha fedha na siku ya malipo, ili mwanachama asiburuzwe na mwenye baa kama nilivyoburuzwa. Mpiga taipu wa chama aweza kuimaliza kwa nusu saa. Na katika sherehe yetu ya mwisho wa mwaka, ambayo mwaka jana ilichezwa kwa kijana na kompyuta yake, tuwaite wanachama walio na vyombo; wapo wanne niwajuao, pamoja na bibi mmoja wa idara ya hesabu aimbaye vizuri kuliko mwimbaji wetu, naye hathubutu kusema kwa kuogopa barua kama ile ya toleo lililopita.

Ndugu yangu mwandishi wa barua ile namkaribisha Jumamosi ijayo. Kiingilio nitamlipia mimi, na soda pia. Asikae mezani kwa mbali. Asimame upande wa kulia wa mpiga drams, hatua chache kutoka spika ya besi, na kama masikio yataona taabu nitampa vizibo vyangu vya akiba, havijatumika.

Ni mimi,
Karani wa Masjala, Morogoro