Paul Lynde na Sisi Tunaocheka

Niseme mapema: makala hii haimtaji mchekeshaji yeyote wa Tanzania, na aliyekuja hapa kuwinda jina ataondoka mikono mitupu. Mchezo wa "inasemekana" naujua. Nimewahi kuucheza, na nitafika huko.

Nianze na Paul Lynde, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Mount Vernon, Ohio. Alisoma Chuo Kikuu cha Northwestern, akaenda New York kutafuta maisha, na mwaka 1952 akaonekana Broadway katika onyesho la New Faces of 1952. Mwaka 1960 akawa yule baba mwenye hasira wa Bye Bye Birdie. Kisha televisheni ikamchukua. Wapenzi wa tamthilia za zamani wanamkumbuka kama Mjomba Arthur wa Bewitched. Lakini kilichomwingiza kila nyumba ni Hollywood Squares, mchezo wa maswali ambapo watu maarufu tisa hukaa kwenye visanduku vilivyopangwa tatu kwa tatu. Kuanzia 1968, kisanduku cha katikati kilikuwa chake.

Kazi yake pale ilikuwa rahisi kuieleza. Anaulizwa swali, anatoa kwanza jibu la utani, watu wanakufa kwa kicheko, halafu ndiyo jibu lenyewe. Utani wake mwingi ulikuwa na maana mbili, na ile maana ya pili ilimhusu yeye: mwanaume anayependa wanaume. Bibi aliyekaa na kikombe cha chai alielewa. Mchungaji alielewa. Mtangazaji alielewa kuliko wote. Hakuna aliyelisema, naye hakulitamka hadharani. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano: wewe tuchekeshe, sisi tutajifanya hatujui.

Mwaka 1972 kituo cha ABC kikampa tamthilia yake mwenyewe, The Paul Lynde Show. Unajua walimpa nafasi gani? Wakili mwenye mke na mabinti. Ilidumu msimu mmoja tu. Yaani kwenye kisanduku, kwa sekunde kumi, aliruhusiwa kuwa yeye kwa mafumbo. Alipopewa nusu saa nzima, ilibidi aozeshwe kwanza.

Pombe ilimtesa miaka mingi na kumkutanisha na polisi zaidi ya mara moja. Januari 1982 moyo wake ulisimama akiwa nyumbani kwake Beverly Hills. Alikuwa na miaka 55, na alikuwa akiishi peke yake. Siwezi kudai kwamba siri ndiyo iliyomuua. Ninachosema ni kwamba taifa zima lilikula matunda ya siri hiyo, na gharama akalipa yeye.

Tena gharama zenyewe hazikuwa za kusengenywa tu. Madaktari wa akili wa Marekani waliihesabu hali yake kuwa ugonjwa mpaka 1973. California, alikofanyia kazi, ilifuta sheria iliyoiita kosa mwaka 1975. Majimbo mengine yalisubiri mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua mwaka 2003, na yeye keshakufa.

Waingereza nao walikuwa hivyohivyo. Mwaka 1965 redio ya BBC ilianza kurusha Round the Horne, yenye wahusika Julian na Sandy, wanaume wawili ambao kila msikilizaji alijua ni watu wa namna gani. Familia zilicheka. Na kwa miaka miwili ya mwanzo ya kicheko hicho, mpaka 1967, sheria ya Uingereza iliwapeleka jela watu wa aina ileile waliokuwa wakiigizwa. Sheria ya namna hiyo walituletea na sisi Tanganyika. Bado ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, na mwaka 1998 tukaikaza wenyewe: kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni la kuletwa, akumbuke kwamba na sheria ya kuliadhibu ililetwa.

Sasa turudi nyumbani. Nimekulia Mbinga, likizo nikishuka ziwani kwa bibi. Kwenye banda la video, jenereta likinguruma nje, hakuna kilichotuvunja mbavu kama mwanaume aliyejifunga khanga na kuzungusha kiuno. Tulicheka mpaka machozi. Nje ya banda hilohilo, kijana aliyetembea hivyo bila kuigiza alirushiwa mawe na watoto, nami nilikuwa miongoni mwa watoto hao.

Katika kijiji kimoja cha mwambao alikuwepo mshereheshaji. Harusi bila yeye ilikuwa kama msiba. Alipanga wacheza kioda, aliwatania wakwe, alimwiga mwenyekiti wa kijiji mbele ya mwenyekiti. Kila mtu alisema "yule ana mambo yake" na kila mtu alimwita. Siku alipodai malipo yake kwa kamati ya harusi moja, ndipo lile neno likatolewa kabatini. Lilikuwepo miaka yote likisubiri deni. Kesho yake alfajiri alipanda basi la kwenda Mbinga mjini, na hakurudi.

Neno lenyewe ni shoga. Mswahili wa pwani alilitumia kwa upole, mwanamke akimwita rafiki yake mwanamke. Tumelichukua neno la urafiki tukaligeuza jiwe.

Na mimi? Miaka iliyopita, nikiwa Dar, gazeti moja liliniagiza ukurasa wa umbeya juu ya msanii fulani. Niliandika "inasemekana" mara tatu. Jina sikuweka, ila mtoto wa darasa la nne angemjua. Msanii akapoteza matangazo aliyokuwa ameahidiwa. Mama yake akanipigia simu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na wewe una mama?" Nikakata simu. Mpaka leo sijui ningemjibu nini.

Najua utaniambia: yeye ndiye aliyejiweka mbele za watu, alilipwa, alipata umaarufu. Kweli. Lynde alilipwa vizuri. Lakini fedha ilinunua kicheko. Haikununua ruhusa ya kumgeuka. Utaniambia pia dini yako inakataza. Sikuombi uibadilishe. Nakuuliza tu: dini hiyo ilikuwa wapi ulipokuwa unacheka? Kama ni dhambi, zima televisheni. Kama si dhambi unapostarehe nayo, kwa nini iwe dhambi anapodai ujira wake?

Msidhani haya ni ya kinadharia. Ng'ambo ya ziwa letu, Blantyre, watu wawili walikamatwa baada ya sherehe ya uchumba ya Desemba 2009. Mei 2010 wakahukumiwa miaka 14, na mwezi huohuo Rais Bingu wa Mutharika akawasamehe, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akiwa mgeni wake. Huku kwetu, Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kamati ya kuwasaka watu na kuomba wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake binafsi. Sawa, lakini majina yaliombwa, na watu walikuwa tayari kuyatoa. Si walikuwa wanayajua siku zote?

Waandishi wenzangu, tuanze sisi. Tuache "inasemekana". Kamati za harusi, mlipeni mshereheshaji wenu. Na wewe msomaji, ukicheka, kubali kwamba umejua, na mtu unayemjua usimtupe.

Mwaka juzi nilihudhuria harusi ya binamu yangu kwenye kijiji kilekile. Mshereheshaji mpya, kijana, alikuwa anaigiza sauti ya yule wa zamani, neno kwa neno. Ukumbi mzima ulicheka. Wenye deni lake walikaa meza ya mbele.