Betri ya gari la baba na usiku wa homa ya mtoto

Saa nane usiku, Nshamba. Mvua imetoka kunyesha, migomba bado inadondosha maji, na ndani mtoto anawaka homa. Mama ameshamfunika kwa kitenge, tayari kwa safari ya Hospitali ya Rubya.

Baba anazungusha ufunguo wa Subaru yake, gari la spoti ambalo kijiji kizima hulijua kwa mngurumo. Safari hii hakuna mngurumo. Inasikika "tik, tik, tik", kisha taa za dashibodi zinafifia.

"Baba watoto, si nilikwambia tangu Jumapili linawaka kwa kujivuta?" mama anauliza.

Kisa cha namna hii si cha nyumba moja. Familia nyingi zenye magari yaliyotumika kutoka Japani zinakifahamu. Gari likiwa la otomatiki, hata vijana kumi wakilisukuma haliwaki. Kinachobaki ni kumgongea jirani mwenye gari ili walibusti, au kumwita wa bodaboda na kumpakia mgonjwa kwenye utelezi.

Asubuhi yake swali huwa moja: inunuliwe betri gani? Hapo ndipo fedha ya ada inaweza kupotea bure.

Kwanza ipimwe

Betri kuisha nguvu si lazima iwe imekufa. Huenda altaneta haichaji, au kuna taa au redio inayokula umeme usiku kucha. Mzazi akinunua betri mpya bila kupima, baada ya muda mfupi atarudi palepale.

Fundi mwenye mita ya umeme humaliza kazi hii kwa dakika chache. Betri nzima iliyochajiwa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na kama nusu ya chaji, na chini ya 12 ni karibu tupu. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kinatakiwa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Kikibaki 12 na kitu, mgonjwa ni mfumo wa kuchaji.

Vichwa vya betri navyo vitazamwe. Ule unga mweupe au wa kijani unaoganda pale huzuia umeme kupita. Wakati mwingine kusafisha na kukaza kunatosha.

Namba zina maana

Ikithibitika kwamba betri imekufa, mzazi asiende dukani na neno "betri ya Subaru" tu. Aipige picha kwa simu betri ya zamani, namba zionekane.

Kwa betri za mtindo wa Kijapani, mfano 55D23L, 55 ni daraja la nguvu, D ni kipimo cha upana na kimo, na 23 ni urefu kwa sentimita. L huonyesha upande wa vichwa. Ikinunuliwa ya R, chanya na hasi hubadilishana nafasi: nyaya zinaweza zisifike, na mwenye haraka akizifunga kinyume anaunguza fyuzi au kompyuta ya gari.

Daraja likipanda kidogo hakuna tatizo, mradi umbo liingie kwenye kitako chake. Ila betri ndogo "ya kusogezea siku" ni akiba ya uongo. Na betri isiyoenea kwenye kitako hurukaruka kwenye barabara za vumbi na mashimo hadi sahani zake za ndani zikaachana.

Jambo la pili ni tarehe. Betri huchoka hata ikiwa rafuni. Iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa haistahili bei ya mpya. Mzazi aulize tarehe ya kutengenezwa, apimiwe volti mbele yake, kisha adai risiti na kadi ya dhamana yenye tarehe.

Uspoti uishie kwenye injini

Wapenda magari watamwambia baba atafute betri nyepesi. Si uongo kwamba zipo. Mwaka 2010 Porsche ilianza kuuza betri ya lithiamu kwa baadhi ya magari yake ya spoti, yenye uzito chini ya kilo 6, pungufu kwa zaidi ya kilo 10 kuliko ya kawaida. Kwenye mashindano, kila kilo ni sekunde.

Familia ya Nshamba haishindani na sekunde hizo. Inahitaji betri inayopatikana Muleba au Bukoba, inayochajika kwa chaja ya fundi wa jirani, na inayowasha gari usiku. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, yenye namba sahihi, inatosha kabisa.

Ya zamani isilale nyumbani

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika. Betri mbovu huachwa nyuma ya jiko au kwenye banda la mbuzi, ikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mna asidi inayounguza ngozi na macho, na mna risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa watoto hudhuru ubongo unaokua.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu hiyo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliingia kwenye mapambano baada ya mwanawe mchanga kukutwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Kwa hiyo betri ya zamani ibadilishwe hukohuko dukani, na mzazi aombe ipunguziwe kwenye bei. Isipasuliwe, isiyeyushwe, na watoto wasichezee vipande vyake. Asidi ikimrukia mtoto, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe hospitali.

Fundi anapofungua, aanze na waya wa hasi, na anapofunga aumalizie huohuo. Sigara na moto vikae mbali, kwani betri hutoa gesi inayolipuka.

Baada ya hapo kazi ya baba ni ndogo. Gari likianza tena kuwaka kwa kujivuta, lipelekwe kupimwa wiki hiyohiyo, mchana, mtoto akiwa mzima. Na mama akisema limebadilika sauti, asikilizwe.