Kitufe Ambacho Hakuna Aliyetufundisha

Haya wadau, fungua laptopu uangalie kitufe kilicho chini ya Esc. Kwa nyingi kina alama ya wimbi, ~. Umewahi kukitumia? Mimi sikuwahi, hadi nyanya alipotuacha.

Nilipewa kazi ya kuchapa wasifu wake kwa Kimeru, si mimi ndiye wa kompyuta pale nyumbani? Nikaandika "muntu" hivyo tu, kichwa wazi. Anayeandika kwa makini huweka kofia: "mûntû". Siku ya mazishi mjomba alisoma ile karatasi akikwama kila mstari, anarudi nyuma, anajaribu tena. Watu walidhani ni machozi. Mimi nilijua ni vidole vyangu.

Shida ni hii: Kimeru kina irabu saba, na Kiembu vilevile. Kibodi ina tano, kwa sababu mpangilio wake ulitoka kwa taipureta za Marekani za miaka ya 1870, na waliozitengeneza hawakuwa wanafikiria Nkubu wala Runyenjes. Hilo siwalaumu. Ninaolaumu ni sisi tunaofundisha kompyuta. Nilisoma paketi nzima, nikafundishwa Ctrl na C, Ctrl na V, mpaka F5. Lugha ya mama haikutajwa hata mara moja. Halafu tunashangaa vijana wanaandika Kiingereza hadi kwa kadi za ruracio!

Na si ngumu hivyo. Kwenye Windows, ongeza kibodi ya United States-International. Bonyeza Shift na 6, achilia, kisha i: unapata î. Fanya hivyo na u, unapata û. Watu wa Embu, nyinyi mna kazi kidogo, maana mnaandika "mũndũ" kwa wimbi, na kwa kibodi hiyo ukibonyeza ~ kisha u, zinakaa kando kando kama majirani waliokosana. Ukiwa kwenye Word, andika 0129 halafu Alt na X pamoja, inageuka ĩ. 0169 inakupa ũ. Ukishaipata mara moja, nakili na ubandike, usijitese.

Kama una laptopu iliyotoka Uingereza, usitafute wimbi chini ya Esc. Liko karibu na Enter.

Ule wasifu nimeuchapa upya, kofia zote zikiwa mahali pake. Jumamosi nampelekea mjomba nakala.